Goma: Mainzi yalipojaa nyumbani mwangu

Wengi wenu mnanijua kwa sauti, si kwa uso. Mimi ndiye yule anayewasomea asubuhi hali ya barabara, bei ya maharagwe sokoni na matangazo ya afya. Leo sina habari ya muji. Nina habari ya nyumba yangu, na nimekaa nayo wiki tatu kabla ya kuiandika kwa sababu hainipi sifa.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nne mwaka wa 2024. Nilitoka studio saa tano ya asubuhi, mvua ilikuwa imekatika. Nilipofungua mlango nikasikia mlio, nikafikiri watoto wameacha redio wazi mahali ambapo hakuna stesheni. Nikavuta pazia la sebuleni ili nione redio iko wapi. Kioo cha dirisha kilikuwa cheusi. Mainzi! Makubwa, ya kijani, yanang'aa kama karatasi ya bonboni, yanapanda kioo, yanaanguka, yanapanda tena. Jumapili hayakuwapo hata moja. Jumatatu mke wangu aliona matatu ama manne, akayapiga kwa kitambaa, hakuniambia.

Niwaeleze kwanza nyumba ilivyo. Ni nyumba ya mbao, huku Ndosho, imesimama juu ya jiwe la volkano kama nyumba nyingi za hapa. Vyumba vitatu na sebule. Zamani tulilala watu watano. Tangu mwezi wa pili, mapigano yalipokaribia Sake, tulikuwa tunalala kumi na wanne. Dada mkubwa wa mama ya mke wangu alikimbia kwao Masisi, akakaa Sake, halafu Sake nayo ikakimbiwa. Akafika mlangoni kwangu usiku pamoja na mabinti wake wawili na wajukuu sita. Walitembea kilomita karibu 25 na godoro moja juu ya chukudu waliyokodi.

Kwangu huyo ni mama mukwe kamili. Wanaojua desturi zetu wameshaelewa shida. Mama mukwe halali kwa mukwe wake, hali mezani pamoja naye, na mukwe hainui sauti mbele yake. Vita ndiyo imetulaza chini ya bati moja. Miezi miwili tulikuwa tunapishana kwenye korido kama watu wanaodaiana. Nikitoka sebuleni ndipo yeye anaingia. Nikikohoa nje, watoto wanamwambia, "Koko, baba amerudi," naye anahamia jikoni. Tuliishi hivyo vizuri, kwa heshima, mpaka mainzi yalipokuja.

Saa ileile ya Jumanne jirani yangu akaja kwenye ua. Naye ameyaona kwa dirisha.

"Jirani, hii mainzi inatoka wapi?"

"Sijui. Nimefika sasa hivi."

Akaangalia kamba ya nguo, nepi za watoto zimeanikwa, akaangalia masufuria chini, akaangalia watoto sita wasiovaa viatu. Akasema polepole, kama mtu anayenisaidia, "Ni wahami wako. Watu wamekuwa wengi mno. Angalia usituletee kolera kwenye avenyu."

Msimcheke jirani yangu. Mtu wa Goma mwenye miaka hamsini akisikia neno kolera hafikirii kitabu. Mwaka 1994, mwezi wa saba, wakimbizi waliingia hapa kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Kolera ikaua maelfu kwa maelfu, na miili ikapangwa kando ya barabara kwa sababu jiwe hili halichimbiki. Jirani aliona hayo kwa macho yake akiwa kijana. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka harufu tu. Na mwaka ule wa 2024 ugonjwa huo ulikuwa ukizunguka tena kwenye kampi za wahami. Mimi mwenyewe ndiye ninayesoma tangazo: nawa mikono kwa sabuni, funika chakula, funika choo, maji ya kunywa yawekwe dawa.

Kwa hiyo aibu yangu ilikuwa ya namna mbili. Aibu ya mwenye nyumba, na aibu ya mtu anayefundisha wengine kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu huku kwake dirisha ni jeusi.

Jioni ile nikafanya kosa ambalo ndilo limenifanya niandike. Nikawaita wageni wote sebuleni. Nikamwita na mama mukwe. Akakaa karibu na mlango, uso ameuelekeza nje, kwa heshima. Nikasimama. Nikatumia sauti ya redio, ile mnayoijua. Nikasema, katika nyumba hii kutakuwa na sheria tatu. Moja, watoto wote watakwenda chooni, hakuna kujisaidia nyuma ya nyumba. Mbili, hakuna kuanika sambaza uani. Tatu, nepi zifuliwe siku ileile na maji yake yasimwagwe karibu na jikoni. Nikaongeza kwamba sisi kabla hatukuwa na mainzi.

Hilo la mwisho hakuna aliyeniuliza. Nililisema mwenyewe.

Watoto wale hawakuwa wanajisaidia nyuma ya nyumba, sikuwahi kuona hata mmoja. Sambaza walianika mara moja tu, mwezi wa tatu, na tulizila wote. Nilizipata wapi sheria zile? Nilizitoa kwenye karatasi ya tangazo, nikawavika wao.

Mama mukwe akasema bila kugeuka, "Tumesikia, mukwe." Shemeji mkubwa aliniangalia usoni. Shemeji mdogo alimvuta mtoto wake mgongoni na kuanza kumfunga kitenge, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Mke wangu hakusema neno, na usiku alilala na watoto.

Jumatano nilikwenda Birere kununua dawa ya kupuliza, ile ya kopo. Dola nne. Nikawatoa wote kumi na watatu nje, nikafunga madirisha, nikapuliza kopo zima, nami nikatoka nakohoa. Baada ya saa moja tukafagia. Mainzi yalijaza kibeleshi mpaka juu. Nikayatupa kwenye moto wa mbabula nikajisikia mwanaume. Kesho yake asubuhi kioo kilikuwa cheusi tena.

Usiku wa kuamkia Alhamisi mtoto wa shemeji mdogo, wa miaka miwili, akaanza kuharisha. Mara tatu kabla ya saa kumi ya alfajiri. Hapo mambo ya heshima na sheria tatu yote yalikwisha. Tulikaa jikoni na taa ya simu, mke wangu anachemsha maji. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nimeusoma mchanganyiko huo kwenye redio labda mara mia mbili, na usiku ule nilimuuliza mke wangu, "Chumvi ni kijiko kimoja ama nusu?" Akanijibu, "Nusu. Wewe si ndiye unatangazaga?" Tukampa mtoto kwa kijiko, kidogokidogo, akitapika tunangoja kidogo tunaanza tena.

Kulipokucha tukampeleka kituo cha afya. Haikuwa kolera. Muuguzi alimbana ngozi ya tumbo akaiachia kuona kama inarudi haraka, akaangalia macho na ulimi, akasema mtoto hajakauka sana kwa sababu tulianza kumpa maji usiku. Akatupa pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na vidonge vya zinki, akasema vidonge tusiviache hata mtoto akipona kesho. Nikamuuliza kama ni mainzi yaliyomletea. Akasema inzi hukanyaga kinyesi halafu hukanyaga uji, kwa hiyo inawezekana, lakini maji pia inawezekana, na mikono pia, hawezi kuniapia. Nilimpenda kwa jibu lile. Wengi kati yetu tunaoshika kipaza sauti tungekwisha kusema ni mainzi.

Tuliporudi, shemeji mkubwa hakuwapo. Alikwenda Bulengo alfajiri, kuuliza kama kuna nafasi ya kuweka bashe.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye jiwe uani nikampigia simu fundi mmoja wa usafi wa eneo letu la afya, mtu ambaye tunamwalikaga kwenye kipindi. Nikamweleza. Nilitegemea ataniambia nimwage dawa gani. Akaniuliza, "Ni ya rangi gani?"

"Mainzi? Ni mainzi tu."

"Hapana. Angalia vizuri. Ni ya kijivu yenye mistari minne myeusi mgongoni, ama inang'aa?"

"Inang'aa. Ya kijani."

"Ya kijivu ningekuambia tafuta takataka, ama mavi ya ng'ombe. Hiyo ya kijani tafuta nyama."

Nikacheka. Nyumbani kwangu hatujala nyama tangu Pasaka. Akasema hakusema nyama ya kula. Akanieleza kwamba inzi mmoja wa kike wa aina ile hutaga mayai zaidi ya mia kwa mara moja juu ya kitu kilichokufa. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi, funza hula siku kadhaa, halafu huacha nyama na kwenda kujificha mahali pakavu penye giza. Huko hugeuka kitu kigumu cha kahawia kama punje, na kutoka katika punje hiyo ndipo inzi huruka. Dawa ya kopo inaua yaliyokwisha kuruka. Yaliyo ndani ya punje haiyagusi. "Ndiyo maana unaua leo na kesho ni yaleyale," akasema. "Si yaleyale. Ni wadogo zao." Simu ikakatika, yunite zilikwisha.

Mimi nilielewa nusu. Nikainuka kwenda kuangalia choo, kwa sababu kichwani mwangu bado nilikuwa natafuta upande wa wageni. Nikamulika shimo kwa simu. Kulikuwa na mainzi madogo machache, kama choo chochote. Nikatoka.

Mama mukwe alikuwa amekaa jikoni, kwenye kizingiti, mjukuu mgonjwa amelala mapajani. Alikuwa amesikia simu yangu yote, maana nazungumzaga kwa sauti kubwa, ni ugonjwa wa kazi. Akamwambia mke wangu, ili mke wangu aniambie mimi niliyekuwa nimesimama mita tatu, "Mwambie mume wako: inzi anayeingia kutoka nje hukimbilia chakula. Haya hayajakwenda kwa chakula. Toka Jumanne nayaangalia. Yako kwa dirisha. Yanataka kutoka. Yamezaliwa humu ndani."

Huyu mama ameshika maziwa miaka arobaini. Kule Masisi, kwenye malisho ya juu, walikuwa na ng'ombe na walitengeneza fromaji, zile za duara ambazo sisi watu wa Goma tunanunuaga tukiwa na mgeni. Mtu wa fromaji anajua mainzi kama mimi ninavyojua mikrofoni. Baadaye alinieleza kwamba chumba cha kukaushia fromaji huwa na giza na dirisha moja dogo lenye wavu, kwa sababu inzi hufuata mwanga. Ukiacha mwanga mahali pamoja tu, inzi wote wanakwenda pale na wewe unafanya kazi yako. Alikuwa na mawazo hayo tangu Jumanne. Hakuyasema, kwa sababu Jumanne mimi ndiye niliyekuwa nasema.

Akaanza kutembea ndani ya nyumba polepole, mkononi ana fimbo ya mwiko wa bugali. Anasimama, anasikiliza, anaangalia pembe za sakafu. Chumba cha wageni hakuna kitu. Chumba cha watoto hakuna. Akafika mbele ya mlango wa chumba changu akasimama.

"Mimi siingii chumba cha mukwe," akasema. Sasa alikuwa ananiambia mimi moja kwa moja. "Ingia. Toa sanduku lile chini ya kitanda."

Nikaingia. Nikavuta sanduku. Chini yake, kando ya ukuta, katika mahali pekee pa nyumba ambapo mgeni hata mmoja hakuwahi kukanyaga, kulikuwa na punje za kahawia. Nyingi. Ungesema mtu amemwaga ngano. Nyingi zilikuwa tupu, zimefunguka kichwani. Nikachukua moja nikaibana, ikavunjika kama ganda la karanga. Akasema kutoka mlangoni, "Sasa angalia juu."

Juu ni plafoni ya tripleksi. Kati ya karatasi mbili kuna mwanya wa kidole, na kwenye mwanya kulikuwa na alama nyeusi kama mafuta.

"Mukwe, ulitegea panya?"

Nilikuwa nimetegea. Wiki nne kabla. Tulikuwa tumenunua gunia la unga wa mahindi, maana kulisha watu kumi na wanne kwa kipimo kidogokidogo ni kutupa pesa, na panya wakaanza kupiga mbio juu ya vichwa vyetu usiku. Nikanunua dawa kwa kijana anayepita na kipaza sauti, ile isiyo na jina wala maandishi. Nikaichanganya na unga, nikaipandisha juu ya plafoni ili watoto wasiifikie. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Mbio za panya zikakoma nikasahau.

Lakini si kweli kwamba nilisahau kabisa. Siku chache baadaye chumba changu kilinuka. Siku nne, tano. Niliamka usiku kwa ajili ya harufu ile. Na niwaambie nilifikiri nini, kwa sababu nikificha hili basi habari yote haina faida: nilifikiri ni wao. Nilifikiri ni nguo zao, ni godoro lao lililonyeshewa kutoka Sake, ni watu wengi wasio na mahali pa kuoga. Nikafunga pua nikajipongeza kwa uvumilivu wangu. Kumbe maiti ilikuwa juu ya kitanda changu, na niliyemuua ni mimi.

Nilipanda juu ya meza na bisibisi, nikalegeza tripleksi. Panya walikuwa wawili, wamekauka, wamebaki ngozi na mifupa. Sitawaeleza zaidi, wengine wanasoma wakati wa kula. Mke wangu alinifungia mdomo kwa kitambaa, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi. Mama mukwe aliagiza jivu la mbabula liletwe kwenye sahani. Tukamwaga jivu juu yao kwanza, halafu ndani ya mfuko, halafu jivu tena. Punje za chini ya kitanda tukazifagia na kuzichoma, hata zile tupu. Sakafu na mbao za ukuta tukazisugua kwa maji ya moto na sabuni, mbao za plafoni tukazianika juani siku mbili.

Halafu likaja swali ambalo mtu wa Bunia ama wa Butembo hawezi kulielewa: panya wawili utawazika wapi Goma? Huwezi kuwatupa kwenye takataka, wamekufa kwa sumu. Mbwa akiwala, ama kuku wa jirani, umeongeza msiba. Na kuchimba, unachimba nini? Uani kwangu ni jiwe toka mlangoni mpaka barabarani. Ndiyo shida ileile ya vyoo vyetu. Wenye uwezo wanalipa vijana wavunje jiwe mwezi mzima, wengine wanajenga choo kilichoinuliwa juu, na wengine ndio hao wanaochangia shimo moja familia kumi.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilikwenda kugonga kwa jirani. Yule yule. Nikamwambia naomba baramina. Akaniuliza ya nini. Ningeweza kusema ni ya kutengeneza mfereji. Nikamwambia, "Mainzi yalikuwa ni ya panya wangu. Niliwapa sumu mimi mwenyewe, wamefia juu ya plafoni." Alinyamaza. Akaingia akaleta baramina, na yeye akaja nayo. Tulivunja jiwe zamu kwa zamu, mimi, yeye na mjukuu mkubwa wa mama mukwe, kijana wa miaka kumi na nne ambaye ndiye aliyesukuma chukudu kutoka Sake. Mpaka saa sita tukapata shimo la kufika magotini. Jirani hakuomba msamaha kwa maneno yake ya kolera, na sikumdai. Alimwambia kijana, "Una mkono mzuri wa baramina. Ukitaka kazi, kuna mtu anachimba choo avenyu ya pili." Kijana alianza Jumatatu.

Mainzi hayakuisha siku hiyo. Yaliendelea kutoka siku tano, kila siku machache zaidi, maana punje nyingine zilikuwa zimejificha ndani ya nyufa. Tulifanya kama kwenye chumba cha fromaji: mapazia yote chini, dirisha moja wazi lenye mwanga, nayo yakatoka yenyewe. Kopo la dola nne halikuhitajika. Kwa ya jikoni, mama mukwe alikata chupa ya plastiki shingoni, akageuza shingo kichwa chini ndani yake kama faneli, akaweka matumbo ya sambaza na maji kidogo chini. Inzi anaingia, hajui kutoka. Ninyi mlio kwenye kampi, chupa mnazo, jaribuni. Muiweke mbali na mlango na mahali pa kupikia, maana inavuta mainzi kabla ya kuyakamata, na inanuka.

Msamaha ulikuwa mgumu kuliko jiwe. Mukwe hamwombi mama mukwe msamaha akiwa amesimama, na akikaa naye chumba kimoja tayari ni kosa lingine. Mke wangu ndiye aliyepata njia. Aliweka kiti changu uani nje ya dirisha la jikoni, mama akakaa ndani, ukuta wa mbao katikati. Nikasema. Sikutumia sauti ya redio. Nilisema ile harufu pia, kwamba niliwapa wao jina lake. Kulikuwa kimya muda mrefu, nikasikia tu mwiko kwenye sufuria. Halafu akasema, "Mukwe, kwetu ng'ombe walikuwa wakilala nyuma ya ukuta wa chumba changu. Unadhani mimi sijui kunuka ni nini? Kula, bugali inapoa." Sahani ikapita dirishani.

Shemeji mdogo alibaki, mtoto wake akapona. Shemeji mkubwa hakubaki. Alikuwa ameshaandikisha jina Bulengo siku ile ya Alhamisi, na Jumamosi alihamia na watoto wake watatu. Nilimweleza kwamba asili ya mainzi imeonekana. Akasema amefurahi, na akaendelea kukunja nguo. Alisema nyumba ni ndogo, kwamba akiwa na bashe yake atapanga mambo yake. Labda ni kweli. Mke wangu anasema si kweli.

Baadaye nilikwenda kumtembelea, nimebeba makala nusu mfuko na sabuni. Bashe yake ilikuwa chini, upande wa ziwa, karibu na safu ya vyoo. Vyoo viwili vilikuwa na bomba refu jeusi linalotoka juu ya paa, na juu ya bomba kulikuwa na wavu. Sasa nafahamu kazi yake: ndani kukiwa na giza, mainzi hufuata mwanga wa bomba, yanafika juu yanakuta wavu, yanafia pale. Lakini kimoja mlango ulikuwa umevunjika, mwanga uliingia chini, basi mainzi yalipita mlangoni kama watu. Niliwaandikia wanaohusika, nikangoja jibu.

Shemeji alinipa chai. Kikombe kilikuwa kimefunikwa kwa kisahani, na mtungi wa maji umefunikwa, na masufuria yamening'inizwa. Nilipotaka kuweka kisahani kando akanishika mkono.

"Shemeji, kwangu kuna sheria tatu," akasema, kwa sauti yangu, ile ya saa kumi na mbili na nusu. Aliiweza kabisa, hata pale ninapovuta pumzi.

Nilingoja acheke. Alichelewa kidogo, halafu akaniongezea sukari.